Mwongozo Kamili wa Kuwafundisha Wanafunzi Gharama Halisi ya Mkopo

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kidato cha tatu au cha nne ambaye amekwisha kulifundisha somo la mikopo, akaona wanafunzi wake wakijibu vizuri katika mtihani, kisha akakutana nao baada ya mwaka mmoja wakiwa na simu zilizofungwa kwa sababu ya deni au pikipiki zilizochukuliwa na mkopeshaji.

Hapa Busia, Uganda, kijana niliyemfundisha mwenyewe aliniletea karatasi ya mkopo wa pikipiki aliyokuwa amekwisha kuitia saini. Alinitajia maana ya riba neno kwa neno, kama nilivyoiandika ubaoni. Nilipomwuliza atakuwa ametoa shilingi ngapi kwa jumla siku ya rejesho la mwisho, alinyamaza, akaanza kugeuza kurasa kutafuta jibu, na jibu halikuwamo. Tangu siku hiyo sianzi tena somo hili kwa maana ya maneno.

Hatua zote zinazofuata zinamwelekeza mwanafunzi kwenye tarakimu mbili ambazo ni lazima aweze kuzipata mwenyewe: shilingi ngapi zitaingia mkononi mwake, na shilingi ngapi zitakuwa zimetoka mkononi mwake mpaka deni liishe.

Vinavyohitajika kabla ya kipindi cha kwanza

- Vizibo vya soda 60 kwa kila kundi la wanafunzi watano au sita. Kila kizibo kitakuwa shilingi 10,000.
- Punje 40 za maharagwe kwa kila kundi. Kila punje itakuwa riba ya shilingi 2,500.
- Nakala za mikataba mitatu halisi: mmoja wa benki au SACCO (chama cha akiba na mikopo), mmoja wa mkopeshaji binafsi, na mmoja wa simu au sola inayolipwa kidogo kidogo.
- Daftari dogo kwa kila mwanafunzi, kikokotoo kimoja kwa kila kundi, na penseli za rangi nyekundu na buluu.
- Vipindi sita vya dakika 40, na wiki mbili za maandalizi kabla yake.

Mikataba iombe kwa walimu wenzako, na uifute majina, namba za simu na namba za vitambulisho kwa wino mzito. Baada ya kufuta, itoe nakala tena, kwa kuwa karatasi iliyopakwa wino mara moja husomeka ikiinuliwa dirishani.

Usimwalike wakala wa kampuni ya mikopo aje kufundisha darasani. Hata awe mtu mwema kiasi gani, kazi yake ni kutafuta wateja, na wanafunzi wa miaka kumi na saba wanakaribia umri wa kuwa wateja hao.

Hatua ya 1: Daftari la wiki mbili

Kila mwanafunzi aandike kila shilingi inayoingia na inayotoka: nauli ya boda, chapati, rolex ya jioni (chapati iliyoviringishwa na mayai), kikomando (chapati na maharagwe), muda wa maongezi, na hata shilingi 500 aliyomkopesha rafiki. Sababu yake ni kwamba mtu asiyejua hubakiwa na kiasi gani kila wiki hawezi kujua rejesho analolimudu, na mkopeshaji ndiye atakayemkadiria.

Onyo: usikusanye madaftari hayo, wala usimwite mtoto ayasome mbele ya wenzake. Darasani mwako wamo wanaokuja shule bila kifungua kinywa, na somo la fedha likiwatia aibu siku ya kwanza, hutawapata tena.

Hatua hii imefanikiwa mwanafunzi anapoweza kuandika sentensi moja: "Kwa wiki hubaki na shilingi kadha." Sifuri pia ni jibu sahihi. Wanaobakiwa na chochote wataje wanapokiweka, iwe ni upatu, kikundi cha akiba, simu au benki, na waelezwe kwamba amana za benki zilizo chini ya Benki Kuu ya Uganda hulindwa na Mfuko wa Kulinda Amana hadi shilingi milioni 10 kwa kila mweka akiba katika kila benki, lakini upatu hulindwa na uaminifu wa wanachama peke yake.

Hatua ya 2: Asilimia isiyo na muda haisemi kitu

Andika ubaoni mikopo miwili ya shilingi 50,000. Mmoja unatozwa asilimia 9 na mwingine asilimia 33.6. Uliza upi ni wa bei nafuu. Karibu darasa zima litachagua wa asilimia 9, na usiwasahihishe mpaka wote wawe wamenyoosha mikono.

Kisha ongeza muda. Ile asilimia 9 ni ada ya siku 30, kama zinavyotozwa baadhi ya mikopo ya simu. Ile asilimia 33.6 ni ya mwaka mzima, na ndicho kiwango cha juu kilichotangazwa mwaka 2024 kwa wakopeshaji binafsi wenye leseni nchini Uganda, yaani asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa siku 30 mkopo wa kwanza unagharimu shilingi 4,500, na wa pili shilingi 1,400.

Waambie sasa wahesabu mtu anayeuchukua mkopo wa simu, anaulipa, na kuuchukua tena kila mwezi kwa mwaka mmoja. Atalipa ada ya shilingi 54,000 kwa kuzungusha shilingi 50,000. Acha walitazame jibu hilo kimya. Waongeze pia gharama ya kuzitoa kwa wakala, ikiwemo kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila pesa inayotolewa kwenye simu, ambayo kwa 50,000 ni shilingi 250.

Hapa mwalimu awe mwadilifu. Mkopo wa simu huja kwa dakika moja, bila dhamana na bila safari, na mama anayempeleka mtoto kliniki saa sita usiku anaweza kuwa na haki kabisa ya kuuchukua. Kinachofundishwa ni kuijua bei kabla ya kubonyeza, maana mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba mikopo ni mibaya atakuona hujui maisha ya kwao.

Hatua ya 3: Vizibo na maharagwe

Hiki ndicho kiini cha somo, nami ningependa ukipe vipindi viwili kamili hata kama itabidi upunguze kwingine.

Katika kila kundi mmoja awe mkopaji, mmoja mkopeshaji, mmoja atangaze miezi, na mwingine aandike. Mkopo ni shilingi 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia 2.5 kwa mwezi. Mkopeshaji anampa mkopaji vizibo 60. Mkopaji anazo pia punje 40 za maharagwe, ambazo ndizo kipato chake.

Mzunguko wa kwanza: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho. Kila mwezi unapotangazwa, mkopaji anarudisha vizibo 10 na punje 6. Baada ya miezi sita vizibo vyote vimerudi, na mezani kwa mkopeshaji kuna punje 36.

Mzunguko wa pili: riba inahesabiwa juu ya salio. Kabla ya kila malipo, mkopeshaji anahesabu vizibo vilivyobaki mkononi mwa mkopaji, na kwa kila vizibo 10 anadai punje moja. Mwezi wa kwanza ni punje 6, wa pili 5, kisha 4, 3, 2 na 1. Mwishoni mezani kuna punje 21.

Mara ya kwanza nilipoufanya mchezo huu, msichana mmoja aliyekuwa mkopaji alifika mwezi wa sita wa mzunguko wa kwanza akiwa amebakiwa na vizibo kumi. Aliziweka punje sita kwenye kiganja, akakifunga kiganja, akakataa kuzitoa. "Mwalimu," akasema, "hizi ni za nini? Vizibo hamsini amekwisha kurudishiwa." Mkopeshaji wake akajibu kwamba ndivyo walivyokubaliana. Hapo kundi zima likainama mezani kuhesabu upya, na mimi sikuhitaji kusema neno.

Baada ya mchezo, ndipo uandike ubaoni majina: riba ya mkopo wote na riba ya salio. Mchezo utangulie majina, kwa sababu jina likitangulia, wanafunzi hulikariri na kuacha kutafakari. Kisha geuzeni punje kuwa shilingi: punje 36 ni shilingi 90,000, na punje 21 ni shilingi 52,500. Mkopo ni ule ule, miezi ni ile ile, na asilimia iliyotangazwa ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 37,500. Kwa darasa lenye nguvu ya hisabati, eleza kwamba anayelipa 115,000 kila mwezi kwa njia ya kwanza analipa sawa na zaidi kidogo ya asilimia 4 kwa mwezi ikihesabiwa kwa salio.

Kutoka hapa kila mwanafunzi aondoke na swali moja atakalomwuliza mkopeshaji yeyote, na alitamke kwa sauti mpaka lisimtie haya: "Riba hii inahesabiwa kwa salio, au kwa mkopo wote?"

Onyo: makundi yakiwa makubwa kupita sita, wale wa pembeni huanza kula maharagwe. Tumia maharagwe makavu, na uyahesabu mwishoni.

Hatua hii imefanikiwa kundi linapoweza kutabiri, bila kucheza, idadi ya punje kwa mkopo wa shilingi 800,000 wa miezi minane kwa riba ile ile. Majibu ni 64 kwa mkopo wote na 36 kwa salio. Kundi linalosema 64 lakini likashindwa 36 bado halijaona kwamba salio hupungua, nalo licheze mzunguko wa pili mara moja zaidi.

Hatua ya 4: Pesa inayoingia mkononi

Rudieni mchezo, lakini kabla mkopaji hajapokea vizibo 60, ondoa vitatu: kimoja cha ada ya fomu, kimoja cha bima, kimoja cha kuandaa mkataba. Mkopaji anapokea shilingi 570,000, lakini riba na marejesho vinahesabiwa kwa 600,000. Kwa njia ya riba ya mkopo wote atatoa 690,000. Gharama yake si 90,000 tena. Ni 120,000.

Vizibo hivyo vitatu vibaki katikati ya meza, vionekane. Kwenye mkataba ada kama hizo hutawanywa katika kurasa mbalimbali, na mkopaji huzikumbuka siku ya kupokea fedha, wakati saini imekwisha kukauka.

Kisha wapeni hesabu ya simu inayonunuliwa kwa awamu. Tuseme dukani inauzwa shilingi 350,000 taslimu. Kwa awamu, mteja anatanguliza 80,000 na kulipa 1,500 kila siku kwa siku 365. Shilingi 1,500 ni bei ya chakula kidogo cha barabarani, na ndiyo maana huonekana nyepesi. Lakini 1,500 mara 365 ni 547,500, na pamoja na kianzio jumla inafika 627,500. Simu imeongezeka bei kwa shilingi 277,500. Waulize: mtu akiweka hiyo 1,500 kila siku pamoja na kianzio chake, atafika 350,000 baada ya siku ngapi? Jibu ni siku 180. Yuko ambaye kwa kazi yake hawezi kusubiri siku 180, na huyo anaweza kuinunua kwa awamu akijua anachokilipia.

Hesabu hii ya bei mbili inawafaa pia wanafunzi Waislamu ambao kwao riba ni haramu. Sheria ya Uganda iliruhusu huduma za benki za Kiislamu kwa marekebisho ya mwaka 2016, na katika mauzo ya aina hiyo benki hununua kitu na kumwuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi. Mwanafunzi bado anapaswa kuiweka bei ya taslimu kando ya bei ya awamu na kuiona tofauti.

Hatua ya 5: Kuusoma mkataba kutoka nyuma

Gawa zile nakala za mikataba. Waelekeze waanze na ukurasa wa mwisho, kwa kuwa mambo yanayompata mkopaji akichelewa mara nyingi huandikwa huko. Kwa penseli nyekundu wapigie mstari kila kitu ambacho mkopeshaji anaruhusiwa kufanya, na kwa buluu kila haki ya mkopaji. Waache wahesabu mistari ya kila rangi.

Baada ya hapo watafute jumla ya marejesho, tarehe ya kwanza na ya mwisho, faini ya kuchelewa, na kitu kilichowekwa dhamana. Jambo ambalo halimo waandike "halimo" kwa herufi kubwa. Jumla isipokuwamo, waikokotoe wenyewe.

Mkopeshaji binafsi nchini Uganda anatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji chini ya sheria ya mwaka 2016. Kanuni zinamkataza kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti, kadi ya kutolea fedha ya benki au namba ya siri kuwa dhamana. Sisitiza hili kwa nguvu zote, maana nimewaona watu wazima, wakiwemo walimu, waliokabidhi kadi zao za mshahara pamoja na namba ya siri wakidhani ni utaratibu wa kawaida. Mkataba unaotaka riba ya asilimia 10 kwa mwezi nao ulinganishwe na kiwango cha juu: kwa 600,000 ni shilingi 60,000 badala ya 16,800.

Neno linalohitaji kipindi chake peke yake ni mdhamini, yaani anayedaiwa mkopaji asipolipa. Kwetu ni vigumu kumkatalia ndugu au jirani saini, na wengi hutia saini wakifikiri wao ni mashahidi. Fanyeni igizo. Mwanafunzi mmoja amwombe mwenzake: "Kaka, nisaidie saini tu, ni utaratibu wa ofisi." Mwenzake ajibu kwa kuuliza jumla ya deni, tarehe ya mwisho, na kama yeye mwenyewe angeweza kulilipa lote. Kisha mkopeshaji wa igizo aje mezani, achukue vizibo kutoka kwa mdhamini, ilhali mkopaji amesafiri. Igizo lirudiwe mpaka kila mmoja awe amewahi kukataa kwa adabu: "Ndugu yangu, nakupenda, lakini deni hili silimudu, kwa hiyo saini yangu ingekuwa uongo."

Hatua ya 6: Siku ya kushindwa kulipa

Hatua hii ni fupi, lakini isirukwe, kwa kuwa aibu ndiyo inayoligeuza deni dogo kuwa kubwa. Wafundishe kwenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho, wakiwa na kiasi chochote walichonacho, kuomba marejesho yapangwe upya, na kudai makubaliano mapya kwa maandishi. Kuzima simu, au kukopa kwingine ili kulipa deni la kwanza, huongeza tu gharama.

Wajue pia kwamba kampuni za kumbukumbu za mikopo zinafanya kazi Uganda tangu mwaka 2008, na deni lililotelekezwa leo linaweza kuonekana siku mtu anapoomba mkopo wa biashara. Kuhusu programu za mikopo za simu, waonyeshe kwa vitendo mahali programu inapoomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, kwani wapo wakopeshaji waliowapigia ndugu na waajiri ili kumwaibisha mdaiwa. Uganda inayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini ruhusa iliyokataliwa mapema ni salama kuliko malalamiko ya baadaye.

Malalamiko juu ya benki huanzia kwenye benki yenyewe, na yasipotatuliwa hupelekwa Benki Kuu ya Uganda. Yale ya mkopeshaji binafsi hupelekwa UMRA. Risiti na ujumbe wa simu vihifadhiwe, kwani bila hivyo hakuna cha kuonyesha.

Hatua ya 7: Kupima kama somo limeingia

Usiulize maana ya riba. Mpe kila mwanafunzi mkataba ambao hajawahi kuuona, kikokotoo, na nusu saa. Aandike tarakimu mbili tu, zinazoingia na zinazotoka, na chini yake maswali matatu ambayo angemwuliza mkopeshaji kabla ya kutia saini.

Aliyekosa tarakimu ya kwanza hakuziona ada, na arudie hatua ya 4. Aliyekosa ya pili arudie vizibo. Aliyepata zote mbili bila maswali yoyote bado anamwogopa mkopeshaji, na kwake igizo ndilo linalofaa kurudiwa kuliko hesabu.

Baada ya muhula mmoja, tangaza kwamba kila Ijumaa baada ya vipindi uko tayari kusoma karatasi yoyote ya mkopo itakayoletwa na mwanafunzi, kaka yake au mzazi wake, mlango ukiwa umefungwa na bila kuulizwa deni ni la nani. Vizibo na maharagwe vibaki kabatini mwa darasa, ili anayekuja na karatasi ambayo haijatiwa saini avikute mezani.